Magari Mawili, Goti Moja

Mgeni njoo, mwenyeji augue!

Wahenga walisema vingine, sawa. Lakini wahenga hawakuwapo Kabuta, wilaya ya Nchelenge, Jumamosi ile asubuhi, magari mawili ya spoti yalipoingia uani kwa fundi cherehani Félix Kalenga yakinguruma hadi kuku wakapanda juu ya paa.

Wiki jana tulimwacha binti yake, Sagesse, ameketi mkekani, kitenge kimemfunika kuanzia utosini hadi vidoleni, akisubiri kanta, lori dogo lililotandikwa godoro nyuma, ije imchukue kumpeleka kwa wakwe. Badala ya kanta moja ikasikika milio miwili. Kisha sauti ya mwanamume ikapaza: "Kanta nimeifukuza!"

Na wewe uliyeanza kusoma leo, sikiliza upesi kabla hatujachelewa.

Goti la kulia la Sagesse halikunjiki. Lilibanwa katikati ya mashua mbili, siku watu walipogombea kupanda, familia ya Kalenga ikikimbia vita vya Kongo kuja Puta, upande huu wa ziwa Mweru, kabla ya kuhamia Kabuta. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mfupa uliungana, goti likagoma. Miaka minane sasa, mguu umenyooka kama kasia.

Boyd, mchumba wake, fundi wa injini za mashua kule Kashikishi, anajua. Ndiye aliyemtengenezea baiskeli ya peke yake: pedali ya kushoto inazunguka, ya kulia ameichomelea kwenye fremu isisogee, mguu upate pa kupumzika.

Mama yake Boyd hajui.

Mama huyo, Ba Ireen, ana mashua tatu na uwanja mrefu wa kuanikia chisense, wale samaki wadogo wa Mweru. Chisense huanikwa mchangani na huchambuliwa kwa magoti, kuanzia jua linapopanda hadi linapogeuka. Ba Ireen amesema mara nyingi, na mbele ya watu: "Muke wa mvuvi ni magoti yake. Sura atamuonyesha nani, samaki?"

Basi wakanyamaza. Boyd alisema, "Nitamwambia mwenyewe." Wiki ikapita. Akasema tena. Wiki nyingine ikapita.

Na mila nayo ikawasaidia kunyamaza. Bibi harusi huketishwa mkekani miguu imenyooka. Haongei, hainui macho. Akitembea, hutembea taratibu, mkono wake mkononi mwa nachimbusa, mama anayemfunda. Kwa wiki tatu wakwe walikuja, wakatazama, wakaondoka wakimsifu: binti mtulivu, anajua kukaa!

Lilibaki jambo moja tu. Afike Kashikishi leo, kabla ya harusi ya kanisani kesho, avuke kizingiti, amege tonge la kwanza la nyumba ile. Bibi harusi aliyekwisha kula kwa wakwe harudishwi kwao. Ndiyo sababu ya kanta, ndiyo sababu ya godoro: juu yake angeketi miguu imenyooka, kama mkekani.

Na sasa kanta imefukuzwa.

"Umeifukuza namna gani, Ba Mathews?" Sauti ya Brigitte, mama yake Sagesse, ilikuwa nyembamba.

"Nimeituma ku bandari, ikabebe chisense. Awe, mama! Mukwe wetu apande kanta kama gunia? Mi ni muyomba wa Boyd, ndugu ya mama yake. Nimetoka Kitwe na motoka mbili za spoti, usiku na muchana, vumbi yote ile ni juu ya nini? Juu ya kuwafurahisha kuku?"

Watu wakacheka. Sagesse, chini ya kitenge, aliona kile tu pindo lilichomruhusu: viatu vyeupe vya Ba Mathews vyenye ncha, na tairi pana kuliko zote alizowahi kuona, na tumbo la gari lililokaribia kugusa mchanga.

Lililokaribia kugusa mchanga! Gari fupi namna ile mtu huliingiaje bila kukunja goti?

Mkono wa nachimbusa ukambana vidole. Ba Matildah alijua siri, na Ba Matildah hakuwa mwanamke wa kusubiri.

"Ba Mathews," akaita, "hii nyekundu iko na viti ngapi?"

"Viwili. Spoti ya kweli haina maneno mingi. Kimoja cha binti yangu, yeye njo anaendesha. Kingine cha bibi harusi."

"Na mimi?"

"We utafuata na kinga." Baiskeli, maana yake. Vicheko tena.

"Nachimbusa haachi mukono mpaka mulango ya wakwe! Hiyo haikuanza na mimi, haitakufa na mimi. Mi nitakaa wapi? Mu buti?"

"Buti yake inaingia begi moja tu."

"Basi motoka yako ni begi. Irudishe Kitwe! Mutuletee kanta yetu."

Uani kukawa na makofi na vigelegele. Chini ya kitenge, Sagesse naye akavibana vidole vya nachimbusa wake. Ba Matildah, Mungu akupe maisha! Mila imeshinda gari.

Shangwe ile haikudumu hata muda wa kumeza mate.

"Njo maana nililetaka mbili," Ba Mathews akajibu, na kicheko kilikuwa kimejaa kooni mwake. "Hii ya kijivu iko na viti vine. Mbele mbili, nyuma mbili. Nachimbusa atakaa nyuma pamoja na mutoto wake, mukono ndani ya mukono, mpaka Kashikishi. Kuna swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali.

Ba Mathews sasa alikuwa kama mchuuzi sokoni. Alifungua milango yote, akaanza kutembeza watu kutoka gari moja hadi jingine.

"Mukamate hapa. Nyekundu: kiti chake ni ganda, kinakushika mbavu hivi, ata ukikata kona hauendi popote. Ngozi ngumu. Mugongo itasema kidogo, lakini ni mugongo ya kijana. Kijivu: kiti kipana, laini, ukikaa unaweza kusinzia. Halafu sikia hii: kijivu iko na kifaa ya kupasha kiti moto!"

"Kupasha nini moto?" mwanamke mmoja akauliza.

"Kiti. Pale unapokalia."

"Mu Nchelenge hapa? Nani alilalamika kama matako iko na baridi?"

Uani watu waliangushana kwa kucheka. Sagesse hakucheka. Alisikia sauti nyingine, ndogo, iliyomfanya atege masikio: chuma kidogo cha mwisho wa tepu ya fundi kikigonga plastiki. Baba yake alikuwa ameingia ndani ya gari na tepu yake.

Félix Kalenga aliujua mguu ule kwa sentimita. Yeye ndiye aliyelishona gauni, upande wa kulia ameuongeza vidole viwili ili goti lisijionyeshe. Kutoka nyonga hadi kisigino: tisini na nane.

"Nyekundu!" Félix akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sagesse alielewa: alikuwa anamsomea yeye. "Kutoka mugongo ya kiti mpaka kule miguu inaishia, kiti ikirudishwa nyuma: metre moja na kumi!"

Metre moja na kumi! Sagesse alifumba macho chini ya kitenge.

"Na kiti yake iko chini kabisa," Félix aliendelea. "Mutu anakaa ndani ya hii motoka sawa ku mukeka. Miguu mbele, inanyooka. Voilà!"

Nani angedhani? Gari la watu wa mbio limetengenezwa kwa mkao wa bibi harusi wa Kabuta.

"Kijivu, mbele: metre moja na tano." Sauti ya tepu ikivutwa. "Kijivu, nyuma..."

Tepu ikarudi, ikavutwa tena.

"Nyuma ngapi, papa?" Brigitte akauliza.

"Makumi sita na mbili."

Nambari ile ilimwangukia Sagesse kifuani. Sitini na mbili. Mguu wa tisini na nane. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na haina jibu.

Gari lenye nafasi ya mguu halina nafasi ya nachimbusa. Lenye nafasi ya nachimbusa halina nafasi ya mguu.

"Papa Félix." Sauti mpya, nzito. "Tangu lini wanapima motoka kama suruali?"

Chini ya pindo zikaingia ndala za bluu, na katikati ya vidole magamba ya samaki yaking'aa. Sagesse alizijua ndala zile. Ba Ireen mwenyewe alikuwa amefika.

Félix akaikunja tepu. "Ni... ni juu ya gauni, Mama Boyd. Nilishona wiki mbili. Sitaki ikunjane."

"Gauni."

"Ndiyo, mama."

"Gauni itapigwa pasi." Ba Ireen alizunguka magari, ndala zikipiga visigino. Hakupima kwa tepu. Alipima kama anavyopima kila kitu chenye magurudumu. "Nyekundu: gunia moja ya chisense, na hiyo moja uisukume na goti. Kijivu: gunia tatu. Tunaenda na kijivu. Mi nakaa mbele na ndugu yangu, bibi harusi na nachimbusa nyuma. Jua inapanda. Twende!"

Brigitte alijaribu. "Mama Boyd, sauti yangu ni ndogo hapa. Lakini kama wewe ungepanda nyekundu, kiti ya heshima, peke yako na binti ya Ba Mathews... halafu Sagesse akae mbele mu kijivu, Ba Matildah nyuma yake, wanashikana mukono katikati ya viti..."

"Unanitoa mu motoka ya mukwe wangu?"

"Hapana, mama, ni..."

"Nani amekuja kuchukua nani?"

Brigitte akarudi hatua moja nyuma. Neno moja zaidi lingeanza kunuka.

Ndipo Ba Matildah akafanya kosa ambalo nachimbusa wa huku ziwani hajawahi kulifanya. "Bana Boyd," akamwambia Ba Ireen kwa sauti ya kubembeleza, "mi nawaza... kwa leo tu, mutoto anaweza kwenda na nyekundu peke yake. Mi nitakuja nyuma. Mungu anaona mioyo."

Ndala za bluu zikageuka kumwelekea.

"Nachimbusa," Ba Ireen akasema polepole, "mukono hauachiwi mpaka mulango. Haikuanza na wewe, haitakufa na wewe. Nani alisema vile?"

Ulimi wa Ba Matildah mwenyewe ulikuwa umewafungia mlango.

"Mwingizeni!" Ba Ireen akaamuru.

Wakamwinua. Kiti cha mbele kikabetuliwa, ukabaki mwanya wa kumtosha mbuzi. Sagesse aliinama. Akaingiza kichwa, bega, mguu wa kushoto. Akajisukuma kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ngozi laini ya kiti, laini kweli, Ba Mathews hakudanganya. Na hapo akakwama.

Mguu wa kulia ulibaki nje ya mlango, umenyooka kama ubao wa mtu anayejenga gati.

"Ingiza muguu, mukwe," Ba Mathews akasema.

Sagesse hakusogea. Bibi harusi haongei.

"Kunja kidogo. Hii ni spoti, mutu anajikunja kidogo, halafu inakuwa tamu."

"Kunja, mama," mwingine akasema.

"Anaogopa! Hajapanda motoka ya hivi."

Mikono ikaushika mguu. Hakujua ni ya nani. Mikono mikunjufu, ya watu wema wanaotaka kusaidia. Ikausukuma kuelekea kifuani kwake. Maumivu yakapanda kutoka gotini hadi kwenye meno. Alikiuma kitenge, akakiuma hadi akasikia ladha ya rangi yake. Angeweza kupiga kelele moja na yote yangekwisha. Na yote yangekwisha! Ndiyo maana hakupiga.

"Muache!" Ba Matildah akaruka. "Ganzi imemukamata! Wiki tatu ku mukeka, munafikiri ni muchezo?"

"Ganzi?" Ba Ireen akauliza.

"Ganzi, Bana Boyd. Miguu yote."

"Mutoeni basi."

Wakamvuta nje. Katika kumvuta, pindo la gauni, pamoja na la kitenge juu yake, lilinasa kwenye kishikio cha kubetulia kiti. Hakuna aliyeona. Sagesse alihisi hewa ya ziwa kwenye shavu la mguu wake, lakini katikati ya maumivu yale hakuwaza maana yake. Alisimama kando ya mlango, mkono kwa Ba Matildah.

"Batoto ya siku hizi," Ba Ireen akasema. "Nina miaka makumi tano na nane, nimezaa saba. Mutazame."

Akavua ndala. Akainama. Akaingia.

Wasomaji, mwanamke yule hakuwa mwembamba. Alizama kwenye kiti cha nyuma kwa mafungu, fungu la mwisho likaingia kwa msaada wa ndugu yake, na magoti yake yakapanda hadi kidevuni.

"Iko nafasi!" akatangaza kutoka ndani, sauti imebanwa. "Umeona, mukwe? Magoti hapa, mikono hapa. Nafasi ya kutosha. Haya, munitoe."

Ba Mathews akavuta mkono. Hakutoka.

Akavuta tena. Gari likayumba, Ba Ireen hakutoka.

"Yaya, dada yangu, inua goti."

"Iko wapi pa kuinulia?"

"Basi geuka."

"Geuka wewe! Muzungu gani alitengeneza hii kiti, au alikuwa hana mama?"

Vicheko vikalipuka uani. Mtu akapendekeza mafuta ya mawese. Mwingine akasema labda wawashe kile kifaa cha kupasha kiti, atatoka mwenyewe. Hata Ba Ireen akacheka, kicheko cha mtu anayejua kuwa ni tajiri. Na Sagesse, mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka kimyakimya ndani ya kitenge.

Kisha kicheko kimoja kikakatika. Kile cha ndani ya gari.

Gari la spoti humkalisha mtu karibu na ardhi. Mtu mzima akikaa humo, macho yake hufika pale yanapofika macho ya mtoto anayetambaa. Macho ya Ba Ireen yalikuwa sawasawa na pindo lililonasa. Na chini ya pindo lililonasa lilikuwa goti.

Goti lisilo na umbo la goti. Limekuwa bapa, lina kovu la kung'aa lililolizunguka kama kamba.

"Mukwe," Ba Ireen akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliyomtisha Sagesse. "Kunja hii."

Ba Matildah alikurupuka kulinasua pindo. Alikuwa amechelewa.

"Nachimbusa, toa mukono yako ku gauni. Mukwe, nimesema kunja."

"Mama Boyd..." Brigitte akaanza.

"Sisemi na wewe."

Mkono ukatoka ndani ya gari. Mkono mgumu wa mwanamke aliyegeuza samaki maisha yake yote. Ukapita nyuma ya goti la Sagesse na kusukuma, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango. Mguu haukuitika.

Ba Ireen akaurudisha mkono, kisha akaunyoosha dirishani.

"Simu yangu," Ba Ireen akasema.

Akapewa simu kupitia dirishani. Akiwa pale pale, amekunjika, magoti kidevuni, akampigia mwanawe, akaweka sauti nje ili kila mtu asikie. Walizungumza Kibemba, na hapakuwa na mtu uani pale asiyekijua.

"Boyd. Niko hapa kwa akina Kalenga. Nimeona mguu."

Upande wa pili injini ya mashua ilikuwa inanguruma. Ikazimwa.

"Mguu gani, mama?"

Sema, Sagesse alimwambia moyoni. Ulisema utamwambia mwenyewe. Sasa hivi, Boyd. Sema.

"Mguu wa mchumba wako. Goti limekufa. Ulijua?"

Kimya. Kimya kirefu, cha kutosha kuchomelea pedali.

"Hapana, mama," Boyd akasema. "Sikujua."

Hapana!

Mwanamume aliyemuuliza kila msimu wa baridi kama mguu unauma. Aliyelijua kovu lile, aliyempimia kimo cha tandiko kwa mikono yake. Sikujua. Neno moja. Sagesse aliushika mkono wa Ba Matildah kwa nguvu.

"Mumesikia," Ba Ireen akawaambia watu. "Mumefunga mutoto wangu ndani ya gunia, mukashona mudomo ya gunia."

Hapo ndipo Sagesse aliona jambo ambalo hakutaka kuliona.

Mbele ya mlango wa gari, chini ya pindo la kitenge, magoti mawili yalishuka mchangani. Suruali ya kaki, kiraka alichokishona mwenyewe kwa uzi wa bluu. Kando yake, tepu ya manjano ikaanguka na kujikunja. Baba yake.

Magoti ya Félix Kalenga yalikunjika bila shida yoyote. Hilo lilimuuma kuliko mikono yote iliyousukuma mguu wake.

"Pardon, Mama Boyd," Félix akasema. "Kosa ni ya mimi. Mutoto hakusema neno. Pardon."

Magoti mengine mawili yakafuata, kanga ya maua. Mama yake. "Pardon, mama. Tuliogopa. Tulikimbia mara moja, hatukutaka tena kufukuzwa. Pardon, pardon."

"Sikuja kuoa wazee," Ba Ireen akasema kutoka kwenye kiti chake laini. "Nyinyi simameni. Yeye mwenyewe njo alikaa wiki tatu mbele yangu, nikamusifu, akanyamaza. Aombe yeye. Apige magoti hapa, kama anaweza, na kama hawezi alale ku mchanga, lakini aombe. Akiomba, nitafikiri. Asipoomba, motoka hizi zinatoka hapa na viti bure, na kesho kanisani munaimba wenyewe."

"Sagesse," Brigitte akanong'ona kutoka chini. "Omba, mama yangu. Neno moja. Utakula wapi? Utaolewa na nani?"

"Omba, mutoto," Félix naye akasema, sauti imepasuka.

Ba Matildah aliinama sikioni mwake. Kwa wiki tatu alikuwa amemfunda mambo mia: jinsi ya kupokea, jinsi ya kunyamaza, jinsi ya kuinamisha macho. Sasa hakuwa na somo. Akafanya jambo moja tu. Akaachia mkono.

Kizingiti kiko mbali, Kashikishi, na nachimbusa ameachia mkono!

Sagesse akashika kitenge kwa mikono miwili, akakivua.

Jua lilimpiga machoni. Nyuma ya nyumba ziwa lilikuwa pale pale, tambarare. Aliyatazama magari kwa mara ya kwanza. Madogo namna hii? Haya ndiyo yaliyowapigisha wazazi wake magoti? Moja jekundu, moja kijivu, na ndani ya lile la kijivu mwanamke mkubwa amekunjika kama nguo kwenye beseni, anamtazama kutoka chini kwenda juu.

Naye alikuwa amesimama. Hakuna kitu ambacho mguu ule ulijua kukifanya vizuri zaidi.

Mkononi mwa Ba Ireen kioo cha simu kilikuwa bado kinawaka. Sekunde zilikuwa zinahesabika. Boyd hajakata. Boyd anasikia.

"Baba, simama," Sagesse akasema. "Mama, simama. Muokote tepu yenu."

"Msichana!" Ba Mathews akafoka. "Bibi harusi haongei!"

"Basi mi siko bibi harusi." Akamgeukia Ba Ireen. "Mama Ireen, huu muguu ulibakia katikati ya mashua mbili. Sikuiba kwa mutu. Pedali ya kinga yangu ilichomelewa na mutoto wako, na kama hauamini, kinga iko nyuma ya nyumba, tazama alama ya moto yake. Yeye njo amenificha mimi. Mimi sikujificha. Munifunike nyinyi, munikalishe nyinyi, halafu munaniuliza juu ya nini sikusimama?"

Simu ikatoa sauti, kama ya mtu aliyevuta pumzi. Haikusema kitu.

Ba Ireen hakuitazama. Macho yake yalikuwa usoni mwa Sagesse, na kidevu kilikuwa kimekaza juu ya magoti yake.

"Nimesikia," akasema. "Sasa omba pardon."

"Siombi," Sagesse akasema. "Ata ningekuwa na magoti mbili nzima, leo singepiga ata moja. Siombi, mama. Siombi."